Dakika Ishirini za Kukisia

Nilimwendea daktari hapa Bungoma mjini nikitaka vidonge vya usingizi, nikarudi na masharti mengi kuliko ya mganga. Eti tangu 2016 chama cha matabibu wa Marekani, American College of Physicians, kinataka mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu aanze na tiba ya kubadili mazoea na mawazo. Vidonge baadaye.

Haya. Kitanda ni cha kulala, pamoja na lile la mume na mke. Si cha kupigia hesabu za karo. Ukikaa dakika 20 hivi macho makavu, toka chumbani, urudi kope zikiwa nzito. Asubuhi amka saa ile ile, hata kama usingizi ulikuja alfajiri. Mchana usisinzie. Na usiku saa usiitazame! Sasa hizo dakika 20 nitazijuaje? Nikisie.

Kanuni hizi ni za Mmarekani Richard Bootzin, 1972. Hoja yake naielewa: ukizoea kukesha kitandani ukiwaza, mwili nao unajua hapo ni pa kukeshea. Lakini Bootzin hakuwahi kuishi na majirani zangu. Saa nane usiku nimetii, nimeketi nje na shuka mabegani, mbwa wa mtaa mzima wananibwekea. Tochi ya jirani mmoja ikanimulika.

"Mzee, ni wewe? Unatafuta nini nje saa hizi?"

"Natibu usingizi."

Aliondoka haraka mno. Kulipokucha, pale Kanduyi watu wakawa wananisalimia kwa mbali. Huku kwetu Magharibi, mtu wa nje usiku wa manane ni mkimbiaji wa usiku, yule wa kukimbia uchi na kurusha mawe juu ya mabati. Mimi nilikuwa na suruali! Nani anauliza suruali?

Sebuleni nako hapakaliki: shemeji amelala kwenye kochi, pikipiki yake imeziba mlango.

Mwingine, Arthur Spielman, mwaka 1987 aliongeza lake: kama unalala masaa matano, basi kaa kitandani matano tu mpaka usingizi ukubane, ndipo uongezewe kidogo kidogo. Mtu amekuja kulalamikia uhaba, anapunguziwa kitanda!

"Baba watoto," mke wangu akasema, "matano ndiyo yangu tangu nizae. Hakuna aliyeniita mgonjwa."

Ikafika Agosti ya mwaka wa tohara, ule unaogawika kwa mbili. Mtoto wa jirani alikuwa wa kutahiriwa alfajiri, kwa hiyo usiku kucha ni kengele za chinyimba, nyimbo na pombe ya busaa. Nikatoka nje bila wasiwasi, maana nani hakuwa nje? Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kengele zikinilia sikioni, na hapo hapo usingizi ukanibeba.

Mke wangu akanitikisa. "Amka. Daktari alisema kitandani tu."