Jina Lako Nani, Mbuzi Wangapi?

Juzi, hapa Butembo, niliwaonyesha wa nyumbani "Your Name", katuni ya Makoto Shinkai ya mwaka 2016. Taki wa Tokyo na Mitsuha wa kijijini wanabadilishana miili usingizini, wanapendana kabla hawajaonana. Vijana wakafuta machozi. Shangazi, ungo wa maharagi mapajani, akaendelea kuchambua mawe.

Taki alipofunga safari kutafuta kijiji asichokijua jina, mkononi ana michoro tu, shangazi akauliza: "Na hakuna kizuizi hata kimoja kilichomsimamisha?" Sisi kwenda Beni ni kilomita 50 na ushee, na bado tunaagana kama mahujaji. Anayetaka ulimwengu wa ajabu apande basi.

Mwishoni wanakutana kwenye ngazi, wanaulizana majina. "Karibu saa mbili kuulizana jina!" akaguna. Kwetu Wanande, kabla kijana hajashuka kidato cha tatu cha ngazi, ukoo umeshajua jina la binti, la babu yake na la kijiji chao. Siri pekee inayobaki ni mbuzi wangapi wa mahari, na hiyo nayo shangazi anaijua.