Mashine ya Kukereza Chuma na Upana wa Mlango

Mtu wa Palma au Mocímboa da Praia anayetaka mashine ya kukereza chuma uani kwake huanza kwa kuota shafti ya mashua, na hapo ndipo hasara inapotungwa mimba. Shafti ya mita 2 inadai mashine ndefu, na mashine ndefu haiji nyepesi. Ile ya Kisovieti, 1K62, ina zaidi ya tani 2 na mota ya kilowati 10 inayotaka fezi tatu. Wapo watakaosema kuna kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu. Kipo, na ni kizuri, ila hakizai nguvu: kilowati 10 kwenye volti 220 za nyumbani ni zaidi ya ampea 45, mkupuo wa kuwashia haujahesabiwa. Kitakachozunguka kwanza ni salio la umeme wa Credelec. Tena mlango wa nyumba ya miti na udongo ulipimwa kwa kitanda cha harusi. Tani 2 zikifika, kinachohama ni ukuta.

Basi tununue kimashine cha Kichina cha kilo 40, kinachobebwa na vijana wawili? Kwenye shaba na alumini kinajitahidi. Kwenye chuma kigumu hutetemeka, na bushi inatoka na mistari utadhani imetafunwa. Tundu la kichwa chake hupitisha fimbo ya milimita 20 hivi, na Myford ML7 ya Uingereza, inayosifiwa tangu 1946, milimita 15 tu. Kwa hiyo shafti tuisahau, iende kwenye karakana kubwa Pemba. Kazi inayobisha hodi kila siku ni pini, bushi za pangaboi, spesa za pikipiki, puli za mashine za kusaga: vitu vinavyotosha kiganjani. Kwa hivyo, kilo 100 hadi 200 zinafaa, fezi moja, kilowati 1 hivi, na mwili unaofunguka vipande vikapita mlangoni. Ikiwa ni mtumba, pitisha kidole kwenye kitanda cha mashine karibu na kichwa. Ukigusa kijingazi, kimelika.

Wengine watanitajia masonara wa Ibo, wanaosuka mikufu ya fedha kwa mkono bila mota yoyote. Heshima yao iko palepale, lakini hakuna mvuvi anayeleta pini ya fedha iliyokatika, na fedha haijui kutu. Chuma kinaijua: kaskazi ikivuma chumvi, kitanda kisichopakwa oili jioni huamka kimevaa rangi nyekundu.

Zaidi ya hayo, kuna umeme unaokatika. Fundi anakwenda kunywa chai, swichi hajaizima, ufunguo wa taya kauacha kichwani mwa mashine. Umeme ukirudi, ufunguo unaruka na hauchagui wa kumpiga. Ndugu yangu, usilipie mashine yoyote ambayo swichi yake haibaki imezima umeme unaporudi.