Namna ya Kukwepa Mchango wa Ofisini na Bado Ukasifiwa

Ndugu yangu, ni tarehe 18, mshahara ulishazikwa, na kwenye kundi la WhatsApp la ofisi zimeingia kadi mbili za mchango na taarifa ya msiba. Usizime simu. Wanaozima simu ndio wanaosemwa. Fuata hatua hizi.

1. Ahidi mapema, ahidi kikubwa. Jina lako likiwa juu ya orodha na mbele yake pameandikwa 100,000, watu watakumbuka tarakimu. Neno "ahadi" lililo pembeni halisomwi na mtu mpaka wiki ya harusi. Mpaka hapo utakuwa umeamkiwa kwa heshima mwezi mzima.

2. Ingia kwenye kamati. Usikubali uweka hazina, huko kuna hesabu. Omba kazi ya kufuatilia ahadi. Anayedai wenzake ni nadra kudaiwa. Kila Jumatatu andika: "Wapendwa, muda hautusubiri."

3. Mkusanyaji akikufuata mezani, mbadilishie mada. Nyanyua mguu umwonyeshe kiatu cha ngozi ulichokipata kwenye mitumba ya Karume, pale Ilala. Mwambie muuzaji alianzia bei gani na wewe ukamshusha mpaka wapi. Hakuna anayenyamaza penye habari ya mtumba mkali. Naye atakuonyesha lebo ya koti lake alilolichambua kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, na daftari litafungwa lenyewe. Ila taja bei ndogo, kiatu kisije kikawa ushahidi.

4. Ulaumu mtandao. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilituulia kisingizio cha "nitakuletea kesho", lakini ikatupa kingine: "Mtandao unasumbua." Cha tozo ya miamala kiache. Kilivuma 2021, tozo ikapunguzwa mwaka huohuo.

5. Msibani wahi kufika. Panga viti, vuta turubai, beba maji. Daftari la rambirambi likipita, mikono yako imejaa, na hakuna mwenye roho ya kumsimamisha mtu aliyebeba sufuria la wali.

6. Timiza sharti. Mbinu hizi zinataka jambo moja tu: usioe, usiolewe, usiugue, usifiwe. Turubai likifungwa uani kwako, orodha za zamani zitasomwa upya. Wenzako wataahidi mapema, wataahidi kikubwa, na mtandao utasumbua ofisi nzima.

Ukiliona sharti hilo ni zito, iko njia fupi kuliko zote. Mchango wa ofisini ndio bima ya asiye na akiba. Ndio unaolipa jeneza, ndio unaokodi gari la kusafirisha mwili mpaka kijijini, ndio unaomtoa mgonjwa hospitalini. Huna 50,000? Mfuate mkusanyaji umwambie, "Nina 5,000," kisha umpe leo.

Nanyi mnaokusanya, acheni kubandika kiasi cha kila mtu hadharani. Aibu hiyo ndiyo inayowafundisha watu kuahidi wasichonacho. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: 5,000 iliyotolewa inanunua sukari ya msiba, 100,000 iliyoahidiwa hainunui hata chumvi.