Tunamcheka Apple

Mwaka 2004 mwigizaji Gwyneth Paltrow na mwanamuziki Chris Martin walimpa binti yao jina la Apple, na hadi leo vijiweni kwetu kuna wanaoshika mbavu: mzazi mwenye akili zake atamwitaje mtoto tunda? Wanaocheka zaidi ni kina Mashaka, waume wa kina Tabu, baba zao kina Shida.

Tunda angalau ni tamu. Sisi mama akizodolewa na mawifi miezi yote tisa, hajibu. Anasubiri ajifungue, kisha anamwita mtoto Semeni. Hapo tena hana haja ya kununua kanga. Kila jioni anasimama mlangoni na kupaza sauti, "Semeni! Semeniii!", na aliyekusudiwa yuko hapo ukutani anasikia vizuri tu. Mtoto mwenyewe anadhani anaitwa kula.

Kliniki ndiko kwenye kazi. Muuguzi anachungulia rundo la kadi, anauliza kwa sauti, "Shida yuko wapi?" Benchi zima linaguna. Nani hana?

Wazazi wa sasa wanasema wamestaarabika, hawataki majina ya mafumbo. Wanachukua silabi moja ya baba, moja ya mama, wanabandika "lyn" mwishoni, mtoto anatoka Brialyn. Bibi yake kule kijijini alijaribu mara mbili, ulimi ukagoma. Sasa anamwita Bilauri, na mtoto anaitika.