Heko, Kikombe!

Tuwapongeze Wamarekani kwa kukilinda kikombe chao cha mililita 240 dhidi ya fitina za mizani. Mapishi ya jamu yanasema: "Maembe, vikombe vinne." Raha iliyoje! Ukikata mapandemapande, hewa nayo inahesabiwa tunda; ukiponda, kikombe kilekile kinameza zaidi, na sukari haiulizi. Sonara na mfamasia, watu wa roho ndogo, bado wanang'ang'ania gramu. Laiti wangetuuzia mkufu wa robo kikombe na dawa ya konzi moja! Mizani ina ubaya wake: gramu 500 za embe ni gramu 500, likatwe lipondwe. Sasa jamu isipoganda, mpishi amsingizie nani?