Namna ya Kulikimbia Hema Bila Kuvunjiwa Heshima

Umekwenda Kigamboni peke yako, umesimika hema ufukweni Mjimwema, umewaaga watu kwa mbwembwe, na alfajiri mvua ya masika imeanza kwa nia ya kushinda. Usibishane nayo. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Dar es Salaam, na hakuna aliyewahi kutuzwa kwa kula tambi baridi hemani. Ng'ambo ya maji kuna jiji zima linapika. Toroka, ndugu yangu. Nitakuelekeza.

1. Piga picha kwanza

Hema, matone, uso wenye uchovu kidogo. Itume nyumbani saa moja asubuhi. Sote tunapenda kuonekana mashujaa, na picha moja yatosha kazi hiyo. Usiahirishe: ya jioni utaipiga ukiwa umeshiba, na shibe huonekana usoni.

2. Lifunge hema kweli kweli

Hapa hakuna njia ya mkato. Kaza kamba, gongomea vigingi upya. Sogeza vitu mbali na kuta za hema, maana kitambaa kilicholowa kikiguswa kwa ndani huanza kupitisha maji. Shuka na nguo kavu zitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ikiwa ulisimika chini ya mnazi, hama sasa hivi. Upepo wa mvua huangusha nazi na makuti bila kuuliza nani amelala chini. Na kama ulipanga kujifungia humo na jiko ili upike, acha kabisa. Jiko la mkaa au la gesi kwenye hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa nayo usingizini. Njaa yako ina dawa nyingine.

3. Vuka

Bajaji au daladala hadi kivukoni, kisha nauli ya mtembea kwa miguu, kisha pantoni. Vaa ndala au yeboyebo, viatu vya maana viache kwenye ndoo. Simama katikati, mbali na kingo zinazopigwa na mvua. Muuza karanga atapita, mwache apite. Safari ni ya dakika chache na tumbo lina kazi kubwa mbele.

4. Anzia Feri, tena mapema

Soko la samaki liko jirani na mahali unaposhukia. Mnada utausikia kabla hujauona. Tazama, furahi, lakini usinunue: pale samaki huuzwa kwa mafungu, nawe una tumbo moja. Nenda moja kwa moja kwa wakaangaji, penye makarai na moshi.

Sasa, hujui samaki? Usijifanye unajua. Wengi huaibika hapa kwa kutaja majina waliyoyasikia redioni. Mtafute mvuvi au mpagazi anayekula kwa kasi na kimya, onyesha sahani yake kwa macho, umwambie mkaangaji: "Shikamoo mama. Naomba na mimi kama cha huyu kaka." Utapata kilicho kizuri siku hiyo, na mama atakuheshimu kwa kumwamini. Ukilazimika kuchagua mwenyewe, angalia macho ya samaki yawe angavu na matamvua yawe mekundu. Changu ana nyama nyeupe tamu. Kibua ni wa bei nafuu, ana mafuta mengi, na akikaangwa akakauka huliwa mpaka mkia. Kwangu mimi kibua ndiye mshindi wa asubuhi ya mvua, pamoja na ndimu, chumvi na pilipili ya kukutoa jasho.

Hapo ndipo utakapoona faida ya kusafiri peke yako. Kundi la watu wanne husubiri meza. Mtu mmoja husogezewa nafasi kwenye benchi, na kabla hajamaliza ameshaambiwa bahari ilikuwaje jana usiku.

5. Usivuke Jangwani

Panda mwendokasi hapo hapo Kivukoni. Mabasi haya yalianza 2016, na adui yao mkubwa ni Mto Msimbazi: ukijaa, barabara ya Jangwani hufungwa na abiria hukwama. Wewe huna sababu ya kufika huko. Shuka Fire, fuata Mtaa wa Msimbazi hadi Kariakoo. Chakula chote unachokihitaji leo kiko upande huu wa mto.

6. Kariakoo, saa sita kasoro

Lione kwanza jengo la soko. Lilichorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa miaka ya 1970, na paa lake ni miavuli ya zege iliyopangwa bega kwa bega. Moto uliliunguza Julai 2021, ikabidi likarabatiwe. Mchoraji aliyewafikiria wachuuzi na mvua kwa pamoja anastahili dakika yako moja.

Halafu mtafute mama lishe. Wahi kabla ya wapagazi, maana wakifika wao sufuria hubaki na ukoko. Wali, maharage, mchicha, kipande cha nyama. Ujanja wa siku ndio huu: "Nipimie nusu, mama, nimeanzia Feri." Nusu hukupa nafasi ya kula kwa mama wa pili mtaa unaofuata.

Lakini usiombe kupunguziwa bei. Mama lishe amenunua mchele, ameloweka maharage na kuwasha mkaa kabla hajajua mawingu yameamuaje. Mvua ikiwafungia wateja majumbani, chakula hakirudi dukani. Siku kama hii mlaji mmoja aliyelowa ana thamani ya wawili wa siku ya jua. Mlipe kamili, mwambie kimekolea ikiwa kimekolea, na umwambie kwa sauti ili wapita njia wasikie.

7. Mchana ujifiche kwenye kahawa

Kikombe kidogo, kahawa chungu, kashata pembeni, baraza lenye paa. Kwa bei yake ndogo unaruhusiwa kukaa mpaka mvua ichoke. Timu yako usiitaje mapema: Simba na Yanga zote zina makao yao maeneo haya, na hujui umekaa upande wa nani.

8. Jioni, Kisutu

Kuku wa mkaa, mishikaki, mihogo na chatne. Ukikutana na muuza pweza, simama: vipande, pilipili, kikombe cha supu ya moto. Watu watakuambia inaongeza nguvu. Wewe inywe kwa utamu wake.

9. Rudi kabla ya giza

Mbebee mlinzi wa kambi mishikaki, tena ya kutosha; ndiye aliyeshinda na hema lako huku wewe ukishinda na sahani. Kaza tena kamba zilizolegea kwa maji.

Simu ikiita kutoka nyumbani na mtu akauliza kwa huruma siku imekwendaje, usidanganye. Mwambie: "Imenyesha kutwa, lakini nimevumilia, na usiku huu nalala hemani." Kila neno ni kweli. Kuvumilia foleni ya pantoni nako ni kuvumilia.

Na kesho ikinyesha tena, vuka tena. Bado hujala urojo.