Mkono wa Kulia wa Probox

Taa ya gari langu ilivunjwa na mkungu wa ndizi. Natanguliza hilo asije mtu akadhani nilikuwa nimelewa. Ilikuwa saa mbili asubuhi hapa Keumbu, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, mahali ambapo ndizi hupangwa ukingoni kwa wingi hata mgeni hudhani lami ndiyo iliyopitishwa shambani. Kijana wa bodaboda alikuwa amepakia mikungu mitano: miwili huku, miwili kule, na mmoja wa ziada ambao haukuwa na pa kukaa ila kwa imani. Alipokwepa ng'ombe, mkungu wa tano haukukwepa. Ulikuja moja kwa moja ukaingia kwenye taa ya mbele.

Kijana alishuka mbio. "Pole sana mwalimu. Nisamehe mwalimu." Kumbe nilimfundisha Kiswahili darasa la saba. Ningemdai vipi? Akanipa chane tatu, tukaachana kwa amani. Nyumbani zilipikwa zikaiva vizuri, lakini ndizi haimuliki.

Gereji ya fundi wangu ni mparachichi mmoja na turubai. Aliitazama taa kwa muda, akanawa mikono kwa petroli, akasema maneno manne tu: "Mwalimu, tafuta nambari kwanza."

Nikamwambia ninayo tayari. Na kweli nilikuwa nayo. Rafiki yangu alikuwa amenipa nambari ya simu ya duka moja la spea kule Kirinyaga Road, Nairobi.

Nilipiga nikiwa nimesimama mbele ya gari, mkono mmoja kiunoni kama mtu anayejua anachotaka.

"Haloo, nataka taa ya mbele ya Probox."

"Sawa bosi. Probox gani?"

"Nyeupe."

Kukawa kimya kidogo.

"Ya mwaka gani, mzee?" Nilikuwa nimetoka ubosi hadi uzee kwa jibu moja.

"Niliinunua 2019."

"Mzee, si mwaka uliyoinunua. Ni ile ya zamani ama ile sura ya 2014 kuja juu?"

"Ya zamani."

"Chesisi inaanzaje?"

"Chesisi haina shida," nikamtuliza. "Ni taa tu iliyogongwa."

Nikamsikia akivuta pumzi. Wauzaji wa spea wana subira ambayo sisi walimu tulidhani ni yetu peke yetu. "Haya. Ya kulia ama ya kushoto?"

Hapo nilikuwa na uhakika. Nimefundisha kulia na kushoto kwa miaka mingi, na kila mwaka huwaambia watoto kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Nikauinua mkono ninaolia ugali, nikaunyosha mbele, ukaelekea taa iliyovunjika bila kupepesuka. "Ya kulia," nikasema, nikatuma pesa kwa M-Pesa kabla hajaniuliza lingine.

Kesho yake mzigo ulifika kwa matatu. Fundi alifungua boksi taratibu, akaitoa taa kama mkunga anayemtoa mtoto, akaigeuza, akaisogeza kwenye pengo, akairudisha kwenye boksi.

"Mwalimu, hii ni ya upande wa dereva."

"Lakini nilisema kulia."

"Ndiyo. Wamekuletea kulia. Gari lako limevunjika kushoto."

Nikainua tena mkono wa ugali kumwonyesha. Akaniangalia kwa huruma, akanifungulia mlango, akaniketisha nyuma ya usukani. "Sasa inua."

Nikainua. Ukaelekea taa nzima.

Gari nalo lina mkono wake wa kulia, na huo hupimwa kwa aliyeketi ndani akitazama mbele, si kwa anayelikabili kama anayegombana nalo. Nilijaribu kuokoa heshima kwa kuuliza kama taa haiwezi kupinduliwa chini juu. Fundi hakujibu. Mwanafunzi wake alijibu kwa niaba yake, kwa kicheko kilichofika upande wa pili wa barabara.

Ndipo nilipoelezwa kwamba nambari aliyoitaka fundi haikuwa ya simu. Alinigeuzia boksi. Kulikuwa na stika, na juu yake tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Zilianza na 81110. Akafungua katalogi kwenye simu yake, akaingiza nambari ya chesisi, akanionyesha taa niliyoihitaji: 81150. "Hii 81110 ni taa ya mbele ya kulia, Toyota yoyote. Hii 81150 ni ya kushoto. Ungeniuliza ningekwambia bure."

Tulikaa juu ya magurudumu ya zamani, akanifundisha. Na mimi, kwa ugonjwa wa kazi, kila alichosema nilikigeuza sarufi. Nambari ya Toyota kwa kawaida ina herufi na tarakimu kumi. Tano za kwanza ni nomino: zinataja kitu. Tano za mwisho ni kimilikishi: zinasema kitu hicho ni cha nani. Na ile ya mwanzo kabisa ndiyo ngeli. Ikianza na 1, uko kwenye injini. Ikianza na 4, uko kwenye breki, usukani na miguu ya gari. Ikianza na 8, ni umeme. Ikianza na 9, ni vitu vya jumla kama boliti, sili na plagi, ambavyo havichagui sana boma. Padi za breki za mbele ungezitarajia kwenye 4, lakini ziko 04465, kwa sababu huuzwa kama seti na seti zina chumba chao kwenye 04. Hilo halikunishangaza. Kila ngeli ina watoro wake.

Hiyo 04465 ilinikumbusha dhambi ya mwaka uliotangulia. Niliingia duka moja Kisii mjini nikaomba "padi za breki za Toyota", nikapewa, nikazilipia, nikazileta hapa chini ya mparachichi, na fundi akaniambia, "Hizi ni za kusimamisha matatu." Wakati ule nililaumu duka. Sasa nilielewa. Nomino ilikuwa sahihi, kimilikishi ndicho kilichopotea. Kwenye nambari za padi, baada ya kistari, 26 mara nyingi hukupeleka kwa Hiace, 60 kwa Land Cruiser, 12 kwa Corolla, na 52 kwa Vitz na jamaa zake, Probox akiwemo. Kumwambia muuzaji "padi za Toyota" ni kama kumwambia karani wa shule "nimekuja kumchukua mtoto".

Sisi Abagusii tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya Wajapani. Kwetu, *baba* ni mama, na baba ni *tata*. Sauti ni ile ile, boma ni tofauti. Kila mwaka, bila kukosa, hupata insha ya mtoto wa darasa la nne iliyo na sentensi kama "Baba yangu anamnyonyesha mdogo wangu." Tano za kwanza ziko sawa kabisa. Tatizo liko baada ya kistari.

Basi na lile swali la chesisi nalo likafunguka. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayana ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika kwingi duniani. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Fundi aliinua boneti akanionyesha bati dogo ambalo nimelipita kila nilipoongeza maji tangu 2019. Langu ni NCP51: Probox ya injini ya 1NZ, ile ya 1500. NCP50 ni ya 1300. NCP55 ina nguvu magurudumu yote manne, na wenye kwenda Nyamira wakati wa mvua huitafuta kama mchumba. Probox ilitoka 2002, na 2014 ikabadilishwa sura ikawa NCP160, ndiyo maana kijana wa Nairobi aliuliza mwaka.

Na kwenye bati hilo hilo palikuwa na nambari ya rangi. Ilisoma 058. Nilimwuliza fundi ni nini.

"Nyeupe," akasema.

Kwa hiyo nilipojibu "nyeupe" sikuwa mpumbavu kiasi hicho. Nilikuwa nimejibu swali la kweli, ila halikuwa limeulizwa. Kuna hata vipuri, hasa vya ndani na vya bodi, ambavyo nambari yake huongezewa mbili mwishoni kuwa kumi na mbili, na hizo mbili ni rangi. Siku nikinunua kimoja cha hivyo nitampigia yule kijana nimwambie.

Ningekuwa mtu wa kiasi ningeishia hapo. Lakini mwalimu akijifunza jambo ukubwani huwa hatari kwa jirani. Wiki mbili zilizofuata sikuwa na mazungumzo mengine. Nilijua taa za nyuma, 81550 ya kulia na 81560 ya kushoto. Nilijua vioo vya pembeni, 87910 na 87940. Niligundua kwamba katika jozi zote alizonionyesha fundi ile ndogo ni ya kulia, na nikaitangaza kanuni hiyo katika chumba cha walimu wakati wa chai bila kuombwa. Niliwaeleza kwamba Nissan nao hugawa tano kwa tano, na kwamba kichujio chao cha oili huanza na 15208. Niliwaeleza kwamba Volkswagen huandika kwa mafungu ya tatu tatu, witiri kwa kushoto na shufwa kwa kulia, na mwalimu wa hisabati akainua kichwa kwa mara ya kwanza muhula huo. Koili ya plagi ya injini yangu, 90919-02240, naikariri haraka kuliko nambari yangu ya ualimu ya TSC. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nimepanga kustaafu mapema.

Kiburi kiliniangusha kwenye kichujio cha oili. Nilikwenda dukani na nambari niliyoinakili kwenye boksi la zamani, 90915 mbele na tano zake nyuma, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Kijana akaniletea kichujio chenye 90915 mbele lakini tano nyingine kabisa nyuma. Nikakikataa. Sikukikataa tu, nilihutubu. Nilieleza nomino, nikaeleza kimilikishi, mbele ya wateja wanne na mama mmoja aliyeingia kuomba chenji. Kijana alinisubiri nimalize, akaandika nambari yangu kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini. Nambari yangu ilikuwa imestaafishwa. Kampuni huboresha kipuri au hubadilisha aliyekitengeneza, ikakipa nambari mpya, na ile ya kale ikabaki kwenye orodha ikielekeza kwa mrithi wake.

"Ni kama mtaala wa CBC na ule wa 8-4-4, mwalimu," akasema kwa upole. Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Nadhani ilijitangaza.

Nilirudi kwa fundi nikiwa mnyenyekevu, naye akanimalizia somo kwa kunionyesha vichujio viwili, boksi sawa, nambari sawa, stika sawa. Akaviweka kiganjani mwangu kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa chepesi kama mkebe mtupu wa chai. "Nambari si ya kughushi," akasema. "Aliyeighushi aliinakili vizuri. Kilichoghushiwa ni kichujio." Tangu mwaka 2008 Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi, lakini sheria haitakuwepo kaunta ukiwa unalipa. Fundi hupima kwa mkono, hunusa mpira, hutazama uzi wa skurubu, kisha ndipo husoma. Mimi nilikuwa nimeanza na kuishia kwenye kusoma.

Taa ya kushoto niliagiza upya, kutoka duka lile lile la Nairobi. Safari hii nilipiga simu nikiwa nimeketi ndani ya gari, mikono yote miwili kwenye usukani, nikasoma 81150 na tano zilizofuata bila salamu ndefu.

"Sawa bosi," akajibu. Hakuniuliza lolote.

Ilifika jioni ya siku ya pili, ikakaa kwenye pengo lake bila nyundo, ikawaka. Yule kijana wa bodaboda alipita na mikungu minne tu, akapiga honi.

Ile ya kwanza duka lilikataa kuipokea, na ni haki yao, maana walileta nilichoagiza. Iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na mama watoto ameniuliza mara tatu itakaa pale hadi lini. Kama una Probox ya zamani, kabla ya ile sura ya 2014, na imevunjika taa ya mbele ya kulia, yaani 81110, nione hapa Keumbu. Nitakuuzia chini ya bei ya Nairobi. Lakini tafadhali keti kwanza kwenye kiti cha dereva, inua mkono unaolia ugali, utazame unakoelekea, ndipo unipigie.